Mwaka Nilioombwa Radhi

Mwezi uliopita nilikwenda Chumbi kwenye msiba wa wifi yangu Tatu, dada wa marehemu mume wangu. Sisi wanawake tulikuwa tumejazana ndani, kila mmoja na kanga yake kichwani, wakati msemaji wa familia aliposhika kipaza sauti huko nje na kusema yale yanayosemwa kila jeneza linapotaka kubebwa: kwamba marehemu aliishi na watu, na binadamu hakosi kukosea, basi yeyote aliyekosewa naye amsamehe. Nje wakajibu kwa sauti moja, tumemsamehe. Ndani wakajibu, tumemsamehe. Mimi nilifunga mdomo. Sikukusudia kufanya kituko kwenye msiba wa watu. Mdomo wenyewe ulikataa, na mate yakanijaa kama yanavyomjaa mtu anayetaka kutapika. Rehema, binti wa marehemu, alikuwa ameniegemea begani akilia, akausikia ukimya wangu. Siku ya pili, tulipokaa kuchambua mchele, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mkaza mjomba, mama alikukosea nini?" Nikamwambia hakuna kitu, mwanangu, koo lilikuwa limenikauka. Mtu hamwambii yatima habari kama ile juu ya mchele wa matanga. Lakini tangu nirudi Kibiti chakula hakinipandi wala hakinishuki, na najijua, sitakula vizuri mpaka niitoe. Kwa hiyo naitoa hapa.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Nilikuwa nimeolewa na Seifu na tulikuwa tunaishi ndani ya delta, kwenye kijiji ambacho maji yakijaa unafunga boti karibu na mlango na maji yakitoka unatembea kwenye tope hadi magotini. Seifu alikuwa mkata mikoko. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na makuti, vyumba viwili na ukumbi mwembamba, na ilitazamana na nyumba ya Tatu uwanja mmoja, jiko moja. Hilo jiko naomba likumbukwe. Lilikuwa kibanda cha fito kati ya nyumba zetu, lina mafiga matatu na kichanja cha vyombo, na mimi na wifi yangu tulipika kwa zamu: leo yeye, kesho mimi, wote tunakula sinia moja. Watu walitusifu kwa hilo. Tatu mwenyewe alikuwa mwanamke wa kusifiwa pia, mwenye sauti nzuri ya kisomo, mpole, mikono yake haitulii. Yeye ndiye aliyekuwa akiitwa mwanamke anapofariki, kwenda kuosha na kukafini. Kazi ile wengi wanaikwepa, yeye hakuikwepa, na heshima aliyoipata kwa ajili yake ilikuwa kubwa. Mimi nilikuwa wa kwanza kumsifu.

Nilikwenda Kibiti kwa sababu ya mtoto. Miaka sita ya ndoa ilikuwa imepita bila mimba, na maneno yalikuwa yameanza kunifika hata pale ambapo watu walidhani sisikii. Kulikuwa na zahanati ya mtu binafsi karibu na barabara kuu, ambayo leo haipo, ikiwa na mashine ya utrasaundi. Kijana aliyekuwa akiiendesha alikuwa anakula chipsi. Aliniambia nilale, akanimwagia ile dawa ya ubaridi tumboni, akanipima kizazi huku vidole vya mkono wa pili bado vinang'aa mafuta. Akasema kizazi hakina neno. Kisha, nadhani kwa kutaka tu kuonekana amefanya kazi, akakipandisha kile kipimo juu upande wa kulia, chini ya mbavu, na hapo akasimama. Akasogea. Akarudi palepale. "Dada," akasema, "unatumia pombe?" Nikamwambia mimi Mwislamu. "Nimeuliza tu. Una uvimbe kwenye ini." Akanipa kipande cha karatasi ya chooni nijifute, akamwita anayefuata. Seifu aliyekuwa amesimama mlangoni akamuuliza, uvimbe wa namna gani? Kijana akasema mashine yake inaonyesha uvimbe tu, haisemi jina. Twende hospitali kubwa Dar es Salaam tukapigwe picha ya CT. Halafu akarudi kwenye sahani yake. Mpaka leo harufu ya mafuta ya chipsi ikinipata kwa ghafla, najiona nimelala pale, tumbo wazi, linateleza.

Neno uvimbe lilifika kijijini kabla yetu. Sijui lilipanda boti ipi. Tulipotelemka pale gatini watu walikuwa tayari wananitazama kwa ile huruma ambayo mtu anaivaa usoni kama miwani. Kufika jioni, uvimbe ulikuwa umeshageuka saratani, na saratani imeshasambaa. Na kwa kuwa kila mtu alijua kwamba ini ni ugonjwa wa walevi, wakaanza kukumbuka safari zangu zote za Kibiti. Wengine, waliojiona wana akili zaidi, wakasema si pombe, ni vidonge vya majira, ndiyo maana hazai, anavimeza kwa siri huku mwenzake anahangaika kwa waganga. Sikuwahi kukitia kidonge hicho mdomoni. Nilijitetea siku mbili tatu, kisha nikaona kwamba kila ninavyojitetea ndivyo wanavyotikisa vichwa kwa upole, nikanyamaza. Upole ule ulinikera kuliko tusi.

Tulipaswa kwenda Dar mara moja, lakini masika yalikuwa yameshika, barabara ya kutoka bandarini hadi Kibiti imekatika, na ndugu wa mume walikuwa na shauri lao. Walisema uvimbe wa ndani haupendi chuma. Ukienda hospitali watakuchana, na ukishachanwa tu, unachachamaa, unamaliza mtu. Kwa hiyo nilazwe kwanza, ninywe dawa za miti, mvua zipungue. Nililazwa chumba cha nyuma. Jambo la ajabu ni kwamba sikuwa naumwa. Sikuwa na homa, wala maumivu, wala macho ya njano. Nilikuwa nimelazwa kitandani mchana kweupe kwa amri ya watu, nikinyweshwa maji meusi ya mizizi yaliyonifanya niharishe na kutapika, na baada ya wiki kadhaa za kutapika nikakonda, na kukonda kwangu kukawa ushahidi. "Mwoneni," walisema, "unamla huo." Ukimlaza mtu mzima na kumnywesha uchafu kila asubuhi, ataumwa tu. Nami mwenyewe nikaanza kuamini. Nilikuwa nikijishika chini ya mbavu na kuhisi kitu ambacho hakikuwepo.

Ukuta wa udongo hauzuii maneno. Kutoka kitandani nilisikia wanawake wakizungumza ukumbini kwa sauti za kawaida kabisa, kana kwamba nimeshatoka. Mmoja aliuliza masufuria makubwa yataazimwa wapi, maana ya msikiti yametoboka. Mwingine akasema siku tatu za matanga na mvua hii wageni watalala wapi. Kisha wakafika kwenye kanga zangu. Nilikuwa na sanduku la kanga, nyingine sijazivaa hata mara moja, na nikamsikia Bi Mwajuma, jirani wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, akisema ile ya rangi ya udi yeye angeipenda, kwa ukumbusho. "Kwa ukumbusho tu, jamani, msije mkasema nina tamaa." Wakacheka kidogo, kicheko cha watu wenye adabu. Waliingiza uji wa mchele wakaniuliza, "Umeamkaje, mwenzetu?" Nikawajibu, "Salama." Ningeweza kumwagia mtu uji ule, na najuta kwamba sikufanya hivyo.

Halafu zikaanza radhi. Kwetu mtu akiwa safarini kuelekea kaburini, watu humwendea mmoja mmoja kuomba radhi, kwa sababu haki ya kiumbe haisamehewi na Mungu mpaka kiumbe mwenyewe asamehe, na ukimwacha afe nayo mtakutana nayo mbele ya haki. Ni desturi nzuri. Nimeiona ikiponya ndugu waliokatana miaka. Lakini inahitaji mgonjwa afe. Kwangu walianza kuja wiki ya tatu, saa za mchana, baada ya adhuhuri, wakikaa kwenye kigoda kando ya kitanda na kuanza kwa kupangusa macho. Bi Mwajuma alikuwa wa kwanza. Alikiri kwamba habari za pombe alizianzisha yeye. "Nilisema kwa mzaha tu, mwenzangu, ulimi hauna mfupa." Nikasema nimekusamehe. Akaja mwanamke niliyecheza naye ngoma, akakiri kwamba alikuwa akinisema kwa waganga kuwa mimi ndiye mgumba na si Seifu. Nikasema nimekusamehe. Akaja mzee mmoja mwenye wajukuu, jina lake silitaji kwa sababu wajukuu wale hawana kosa, akakaa pale na kofia yake mikononi na kuniambia kwamba kwa miaka kadhaa, nilipokuwa nikiingia kuoga kwenye kiua chetu cha makuti, yeye alikuwa na tundu lake. Alilia kweli. Alitaka nimshike mkono. Nilimshika, nikamwambia nimekusamehe, na alipotoka nikasikia anawaamkia wanawake ukumbini kwa furaha, mwepesi, kama mtu aliyetoka haja. Nami nikabaki na tundu lake.

Seifu hakuniomba radhi ya jambo lolote. Alikuwa akiingia jioni, ananuka chumvi na magome ya mikoko, anakaa kwenye ncha ya kitanda, anaangalia miguu yake. Nadhani aliogopa. Mara moja alisema, "Maji yakipungua tu tunakwenda, nisikilize mimi, wasikutishe," na mimi nilimpenda kwa maneno yale machache kuliko kwa miaka yote ya nyuma.

Tatu alikuja siku ya Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini. Aliingia na bakuli la mchuzi wa perege wa nazi, akaliweka sakafuni, akafunga mlango kwa komeo. Hakukaa kwenye kigoda, alipiga magoti. "Wifi," akasema, "miye ndo nimekuua."

Nikamwambia asiseme hivyo, kuumwa ni kwa Mungu.

"Hapana, nisikilize, usinikatize, nikikatizwa sitasema tena. Ulipoolewa hapa ulikuwa na maneno. Kila kitu unalo neno. Kaka yangu akawa hanisikilizi tena, anakusikiliza weye. Mtu akanambia, mpe maji ya maiti, kidogo tu, atapoa. Hataumwa, atapoa tu, atakuwa hana la kusema. Na miye maji ninayo, naosha watu. Nikawa nabaki nayo kwenye chupa."

Nilimuuliza nilinyweshwa wapi. Swali la kijinga, lakini ndilo lililokuja.

"Kwenye mchuzi. Zamu zangu."

Nikamuuliza mara ngapi. Akasema si kila zamu. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeomba apunguziwe. Kisha akasema hakujua kwamba yale maji yatakaa kwenye ini, aliyemfundisha hakumwambia, na kwamba tangu siku niliporudi na habari ya uvimbe hajalala, anaona nyuso za wote aliowaosha. Akanishika miguu. "Nisamehe, wifi. Usiende nayo kwa Mungu. Wallahi nitakuosha kwa mikono hii, nitakuosha vizuri kuliko wote."

Nilimwambia, nimekusamehe duniani na akhera. Nilisema maneno yote, kamili, kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani. Nilidhani nakufa, na anayekufa anaambiwa asibebe mzigo. Nilitaka pia atoke. Alilia, akanibusu mikono, akaipapasa miguu yangu chini ya shuka na kuinyoosha, visigino pamoja, akaiweka sawa. Alifanya bila kufikiri, ni mazoea ya kazi. Akachukua kanga ya pembeni akanifunika mpaka kidevuni, akatoka. Bakuli la mchuzi aliliacha palepale sakafuni, mafuta ya nazi yakiganda juu yake, na jicho moja la perege likinitazama. Nilitapika mpaka kukawa hakuna kitu cha kutapika.

Niseme wazi kwamba wakati ule sikuamini uchawi, na leo nikiuamini kidogo ni kwa sababu ya uzee tu. Sikuwahi kufikiri kwamba maji yale yameniroga. Kinyaa changu hakihitaji uchawi. Nilikuwa nimekula. Nilikuwa nimekaa kwenye sinia ile, nimelamba vidole, nimesema wifi leo umepatia, nikaomba niongezewe. Nilianza kuwahesabu wanawake waliokuwa wamekufa kijijini miaka ile, akina bibi niliowajua, na nikajizuia, kwa sababu niliona nataka kujua nimekula maji ya nani. Sikumwambia Seifu siku ile. Nilimwambia tu kwamba hata kama barabara imekatika, kesho tunaondoka, na nisipoondoka nitajiburuta mwenyewe kwenye tope.

Hospitali ya Dar ilikuwa na watu wengi na mabenchi ya mbao yaliyopauka, na zamu yetu ilichukua siku kadhaa. Daktari alikuwa mama mwenye umri kama wangu wa sasa, mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza. Kabla ya picha alinitoa damu kutafuta homa ya ini, akaniuliza habari za pombe, akaniuliza kama karanga na mahindi tunayokula huwa yanaota ukungu, akaniuliza kama natumia vidonge vya uzazi wa mpango, akaniuliza kama nimewahi kuwa na saratani mahali pengine. Aliyauliza yote kwa sauti moja, bila kutikisa kichwa kwa upole. Nikajibu hapana, hapana, na ya karanga nikasema wakati mwingine. Kwenye mashine ya CT walinichoma dawa ya rangi mkononi, na mwili mzima ukashikwa na joto la ghafla, nikadhani nimejikojolea mbele ya watu. Nilijipapasa chini ya shuka. Nilikuwa mkavu, na nililia kwa kitu kidogo kama hicho.

"Njoo uone," daktari alisema alipotuita, mimi na Seifu. Alikuwa ameweka picha kwenye kioo chenye taa. "Hiki hapa. Ukubwa wa limau. Mwanzo rangi imeingia pembezoni, vibonge vibonge. Picha hii ya pili imesogea ndani. Hii ya mwisho, imejaa mpaka katikati, taratibu. Saratani ya ini haiendi hivyo, yenyewe inaipokea rangi haraka na kuitema haraka. Na ini lako lililobaki ni laini, halina kovu, damu yako haina homa ya ini. Hiki ni kifundo cha mishipa ya damu. Tunaita hemanjioma. Huenda umezaliwa nacho."

Seifu akauliza, "Kwa hiyo unamkata lini?"

"Simkati. Kwa nini nimkate? Hakimuumi."

"Kinaua lini?" nikauliza mimi. Nilikuwa nimezoea.

Akacheka, kicheko cha kukwaruza. Akasema wanacho watu wengi na hawajui, hasa wanawake, hasa wa umri wangu na kuelekea utu uzima, na karibu wote wanagundua kwa bahati, mtu anapimwa kitu kingine. Akasema ini lina uvimbe wa aina nyingi usio saratani na wengi wanaoupata ni sisi wanawake. Kuna mwingine una kovu katikati, nao hauna neno. Kuna wa tatu, ambao unawapata zaidi waliotumia vidonge vya uzazi muda mrefu, na vijana wa kiume wanaojichoma dawa za kujaza misuli. Huo wanauangalia kwa makini maana unaweza kupasuka. "Wa kwako siyo huo. Ila mtu asije akakuchoma sindano pale kutafuta kinyama cha kupima. Kile ni mfuko wa damu. Rudi baada ya miezi sita tukitazame kama kimekua, halafu tusahauliane." Seifu alikuwa ameinama, mabega yanamtikisika. Nikamwomba atoke kidogo. Ndipo nikamuuliza daktari kama maji yaliyooshewa maiti, mtu akiyanywa bila kujua, yanaweza kufanya kitu kama kile.

Alivua miwani. Hakushtuka, na hilo lilinishtua mimi. "Uliharisha?" akauliza.

"Mara nyingine."

"Basi ndiyo hayo. Uchafu ni uchafu, unaingia tumboni na unatoka. Ini lako halina habari nayo." Akairudisha miwani. "Nani, mke mwenza?"

"Wifi."

Akatikisa kichwa mara hii, lakini si kwa upole.

Nilirudi nyumbani nikiwa hai na hiyo ndiyo ikawa aibu ya kijiji. Wale waliosema uvimbe haupendi chuma walisherehekea, wakasema si mnaona, hata daktari kakataza sindano, sisi tulisema. Mzee wa tundu akaanza kwenda msikitini kwa njia ya mbali. Bi Mwajuma alinikumbatia kwa mkono mmoja huku akitazama pembeni. Walikuwa wamenipa siri zao nizizike, nami nikarudi nazo sokoni. Sijawahi kuona watu wanaokasirishwa hivyo na uzima wa mwenzao. Lakini aliyenichafua roho ni Tatu. Seifu alipokuwa akisimulia uwanjani aliyoyasema daktari, kwamba ni mishipa tu, kwamba huenda nimezaliwa nacho, Tatu aliweka mikono kifuani. "Nilizaliwa nacho," nikasema, namtazama yeye. Na yeye akapiga kigelegele. Akapiga cha pili. Akanirukia shingoni, na sikioni mwangu akaninong'oneza, uso wake umelowa machozi ya furaha, "Kumbe si miye! Alhamdulillahi, wifi, kumbe si miye!"

Nilimsukuma. Watu walidhani nimezidiwa na furaha.

Nilijenga jiko langu nyuma ya nyumba, mafiga yangu, maji yangu, kata yangu. Nilimweleza Seifu sababu. Aliniuliza swali moja tu, kama nilishamsamehe, na niliposema ndiyo, nilitamka, akashusha pumzi. "Basi umeshasamehe. Yameisha. Huwezi kusamehe halafu ukajenga jiko." Tuligombana kwa hilo miezi yote iliyobaki ya mwaka ule. Yeye alikuwa amepata mlango wa kutokea, na mlango wenyewe ulikuwa ni neno langu. Ndugu nao wakasema nina kiburi cha aliyepona. Tatu alikuwa akiniletea vitu, mhogo, kuni, samaki mbichi ambao hajawagusa na moto, anaviweka mlangoni. Na kila alipokutana nami peke yangu alikuwa akiuliza lile lile kwa njia ya kupitapita: wifi, tuko sawa? Wifi, moyo wako mweupe? Hakuwahi kulitaja jambo lenyewe kwa jina. Alitaka nithibitishe kile alichokwisha kupewa, bila kukiomba upya.

Mwisho wa mwaka, mpunga ukiwa umeshavunwa, alinikuta nyuma ya nyumba napepeta. Alikuwa amebeba ungo wa uduvi. Alisimama, akasema, "Wifi, ile radhi yako si ipo palepale?"

Niliweka ungo wangu chini. Nilikuwa nimeliwaza jambo hili kwa miezi. Nilimwambia, "Tatu, ile uliiomba kwa mtu anayekufa, na aliyekupa ni huyo anayekufa. Hakupona, alikwenda na neno lake. Mimi niliyerudi hujaniomba kitu. Niombe. Niambie ulinifanya nini, kwa mdomo wako, hapa, na jua linatuwakia, halafu kesho tuonane tena."

Naapa nilikuwa tayari kumpa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nusu. Midomo yake ilitikisika mara moja, nami nikamsubiri. Kisha macho yake yakahama, yakapita begani mwangu, yakaenda kwenye jiko langu.

"Una chumvi hapo?" akauliza. "Yangu imelowa."

Niliingia ndani nikamchotea. Aliipokea kwa mikono miwili, akanishukuru kwa maneno mengi kuliko chumvi ile ilivyostahili, akaenda zake. Tuliishi uwanja ule miaka mingi baada ya hapo kabla hajahamia Chumbi, na katika miaka hiyo aliniomba moto, aliniomba nazi, aliniomba nimshikie Rehema akiwa mchanga ili aende akaoshe watu. Lile hakuniomba tena, mpaka wamembeba.